Jimnastiki Si Mali ya Wateule

Imekuwa desturi kwa baadhi ya walimu wa jimnastiki, mara wapewapo darasa, kuligawa mafungu mawili. Fungu dogo la wenye migongo laini huitwa la mashindano. Fungu kubwa huitwa la kujifurahisha, nalo huachwa pembeni mwa uwanja lipige vichwangomba pasipo uangalizi. Mgawanyo huu ni kasumba, nasi hatuna budi kuupiga vita.

Watetezi wake hudai kwamba medali haziji kwa huruma. (Yaelekea hawajapata kuteguka kifundo cha mguu.) Mwaka 1976, mjini Montreal, Nadia Comaneci wa Romania alipata alama 10 kamili akiwa na umri wa miaka 14, na dunia ikashangilia. Makocha wengi wakaamini kwamba bingwa sharti awe mtoto, hata ikalazimu mwaka 1997 umri wa chini wa wanawake katika mashindano makuu ya kimataifa upandishwe hadi miaka 16. Nchini Marekani, daktari wa timu ya taifa alihukumiwa kifungo mwaka 2018 kwa kuwadhulumu wasichana waliozoezwa kutii na kuvumilia. Je, hiyo ndiyo shule tunayotaka kuiga? Oksana Chusovitina wa Uzbekistan alishiriki Olimpiki nane, ya mwisho huko Tokyo mwaka 2021, akiwa na miaka 46. Mwili wake haukumalizwa utotoni.

Ufundi wenyewe haujui mafungu. Atakayeshindana na asiyeshindana huanza na jambo lile lile: kuanguka. Hukunja magoti atuapo, huficha kidevu abingirikapo, huimarisha viganja na mabega kabla ya kusimama kwa mikono. Mwalimu hukaa karibu, mkono tayari mgongoni mwa mwanafunzi. Hamkandamizi mtoto anayelia ili msamba ufike chini. Katika shule isiyo na magodoro, yenye nyasi na mchanga tu, anayehitaji mafunzo haya zaidi ni yule aliyeachwa pembeni.

Tena tazameni halaiki zetu. Mnara wa watoto unapojengwa, macho yote humwelekea aliye kileleni. Wanaombeba ni wale wanene na wazito ambao kocha hakuwaona wanafaa. Mgongo wa mmoja wao ukiyumba kwa kutofunzwa, bingwa wetu ataangukia wapi?

Basi muhula ujao somo la kwanza liwe la kuanguka, kwa darasa zima, pamoja na yule anayejificha nyuma ya mwembe.