Mtoto mwenye saratani hulindwa na chanjo ya jirani

Saratani ya mtoto si tena hukumu ya mauti kama wengi walivyoidhania zamani. Katika nchi tajiri, watoto zaidi ya 80 katika kila 100 wanaougua maradhi haya hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Kwa sababu hiyo, mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilijiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau 60 katika kila 100 wawe wanapona.

Mjadala kuhusu pengo hilo huishia kwenye dawa na fedha. Lakini liko jambo jingine lililo mikononi mwetu, nalo ni virusi tunavyowapelekea watoto hao sisi wenyewe.

Dawa za saratani huua chembe zinazozaliana kwa haraka, nazo hazibagui. Huangamiza pia chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Hapo tetekuwanga au mafua, ambayo mtoto mwingine huugua wiki moja akapona, huweza kuwa mauti. Surua ni mbaya zaidi, kwani kwa mtoto kama huyo huenda isitoe hata vipele, ilhali inashambulia mapafu au ubongo. Tena mzazi hawezi kumchanja wakati huo, kwa kuwa chanjo ya surua ina virusi hai vilivyodhoofishwa, navyo havimfai aliye katika tiba.

Basi ngome yake ni ipi? Ni watu wanaomzunguka. Wataalamu wanasema surua huzuilika pale watu 95 katika kila 100 wanapokuwa na kinga. Wako wanaoichukulia chanjo mfano wa fardhi kifaya, wakidhani kwamba wakitekeleza wachache, wengine wamesamehewa. Hesabu hiyo ya 95 inawakatalia. Marekani ilitangaza kuitokomeza surua mwaka 2000. Baada ya baadhi ya wazazi kuacha kuchanja, mwaka 2025 ilipata wagonjwa zaidi ya 2,000, idadi ambayo haikuonekana tangu mwaka 1992. Kwetu Tanzania, chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Asiyerudi kwa dozi ya pili huacha mlango wazi, na anayeingiliwa huenda akawa mtoto wa jirani.

Lingine ni kumzuru mgonjwa. Ni haki ya Muislamu juu ya nduguye, wala hatuipingi. Lakini mgonjwa wa surua huanza kuambukiza siku nne kabla ya vipele kutokea, na virusi vyake huweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya yeye kuondoka. Mafakihi wetu wameweka kanuni kwamba kuondosha madhara hutangulia kutafuta manufaa. Kwa hiyo mwenye mafua, au aliyeacha nyumbani mtoto mwenye homa, ambebee mama wa mgonjwa chakula, akiache mlangoni na aombe dua akiwa mbali. Hajapungukiwa na thawabu kwa kuilinda roho ya mtoto. Na wenye nyumba wasione haya kumwambia mgeni, hata akiwa shangazi au imamu, kwamba leo haingii.

Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu, na atujaalie tusiwe sababu ya madhara yao. Amin.