Mwenda kwa Miguu na Uhuru Wake



Jumamosi iliyopita, jua likikaribia kuchwa, nalikuwa nikingoja mtumbwi wa kunivusha kwenda Lubunga, hapa kwetu Kisangani. Akanijia kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ametimiza miaka 22. Tulipokwisha kuamkiana, akanionyesha katika simu yake picha za vijana wa Marekani, wanaume kwa wanawake, mizigo migongoni, wakipanda milima. Akaniambia: "Mwalimu, watu hawa huacha kazi na nyumba, wakatembea kwa miguu miezi mitano au sita. Hakuna awaulizaye waendako. Huo ndio uhuru! Mimi nami nimechoka. Juma lijalo nafuatana na wasukuma baiskeli mpaka Beni, na kutoka huko nitakwenda popote miguu itakaponipeleka."

Nikamwuliza: "Mama yako anajua, mdogo wangu?"

Akautazama mto, asinijibu.

Kijana huyo ni kifungua mimba. Baba yake amekufa, mama yake huuza samaki sokoni, na nyuma yake wako wadogo watatu ambao malipo yao ya shule hutoka katika vibarua vyake yeye. Sikutaka kumgombeza, maana swali alilokuwa nalo ni la wengi, tena ni swali jema: mtu huru ni nani? Mtumbwi ulifika kabla sijasema neno la maana. Kwa hiyo najibu hapa, yeye apate kusoma, na wazazi wasome pia.

Kwanza, tusiwacheke wale wa Marekani. Njia aliyoiona kijana huitwa Appalachian Trail. Yaanza upande wa kusini katika jimbo la Georgia, yapita majimbo 14, nayo yaishia juu ya mlima Katahdin katika jimbo la Maine. Urefu wake wapata kilometa 3,500, na kazi ya kuifungua ilikamilika mwaka 1937. Mtu aliyezoea kitanda laini akikubali kulala chini, kula chakula kikavu na kunyeshewa mvua, amejifunza jambo kubwa. Kila alicho nacho amekibeba mgongoni, na kila kitu kisicho na kazi amekisikia begani kwa uzito wake. Huyo hudanganywa kwa shida na wauza vitu.

Lakini picha hazikuonyesha yote. Njia ile haikujifyeka yenyewe. Kila mwaka watu wa kujitolea, ambao hawapati mshahara, huondoa miti iliyoanguka, hutengeneza madaraja madogo na vibanda vya kulala. Wasafiri hutumiwa vifurushi vya chakula kwenye posta za miji midogo, na watu wasiowajua huwawekea maji na mikate kando ya njia. Tena wana masharti yao: takataka zako uzibebe mwenyewe, na mahali ulipolala upaache kama ulivyopakuta. Basi yule aonekanaye kuwa peke yake, hatua zake nyingi zimekwisha kutengenezewa na mikono asiyoijua.

Katika wote waliopita njia hiyo, mimi humkumbuka mama mmoja, Emma Gatewood. Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 67, aliimaliza njia yote peke yake, amevaa viatu vya raba, na vitu vyake amevitia katika mfuko alioushona mwenyewe. Mama huyo alizaa watoto 11. Kwa miaka mingi mume wake alimpiga vibaya, mpaka walipotengana kwa sheria mwaka 1941. Alianza safari watoto wake wote wakiwa wamekwisha kuwa watu wazima, tena akairudia njia ile mara mbili nyingine. Ni nani athubutuye kumwita mtoro? Alikuwa amekwisha kubeba mzigo wake mpaka mwisho, ndipo akajitwika ule mdogo wa mgongoni. Jambo hili kijana wangu alitafakari: miguu ya yule bibi na miguu yake yeye zaweza kukanyaga njia moja, wala safari zisiwe moja.

Sasa turudi nyumbani, maana sisi hatukosi watembeaji. Barabara ya kutoka Kisangani yapita Bafwasende, Nia-Nia, Epulu na Mambasa katika msitu mkubwa, hata kufika Komanda na kushuka Beni. Ni kilometa zaidi ya 700. Vita vilipoanza mwaka 1998, njia ya mto kwenda Kinshasa ilifungwa, na barabara zilikuwa zimeharibika hata malori yakazama katika matope. Mwezi wa Juni mwaka 2000 majeshi mawili ya kigeni yakapigana siku sita katikati ya mji wetu huu. Katika shida hiyo, baiskeli ndizo zilizolisha nyumba nyingi. Mjini vijana walibeba watu kwa baiskeli zilizoitwa toleka, neno la Kilingala maana yake "tupite". Na nje ya mji wanaume walisukuma baiskeli zilizojaa vibido vya mafuta ya mawese, fimbo moja imefungwa kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, wakirudi na chumvi, sabuni na nguo. Siku hizi pikipiki zimewanyang'anya wengi kazi hiyo, lakini kazi yenyewe haijafa.

Nimewahi kumwuliza mzee mmoja aliyeifanya miaka mingi, kama alijiona huru huko msituni. Alicheka, akanijibu kwamba alikuwa huru kupumzika popote, ila mafuta hayakuwa yake peke yake. Nusu ilikuwa ya mkwewe, na faida ilikuwa ya shule ya watoto. Akaongeza: "Mlima ukiwa mkali, nalihesabu watoto, mmoja mmoja, mpaka nikafika juu."

Yafaa pia tukumbuke watembeaji wa kale, waliotuachia hata jina la lugha yetu. Kiswahili cha huku kwetu kiliitwa Kingwana, yaani lugha ya Waungwana. Waungwana ni akina nani? Ni watu wa Unguja na wa pwani waliobeba mizigo ya misafara. Mwezi wa Novemba 1874 walitoka Bagamoyo pamoja na Stanley. Mwezi wa Januari 1877 wakapita maporomoko haya ya Boyoma, wakiburuta mitumbwi nchi kavu katika njia walizozifyeka wenyewe. Na tarehe 9 Agosti mwaka ule wakafika Boma. Waliotoka walipita 200. Waliofika walizidi 100 kwa kidogo tu. Wengine walitoroka, lakini wengi walikufa kwa ndui, kwa njaa, kwa mapigano na kwa maji. Wala safari yao haikuiletea nchi hii uhuru, maana ilimfungulia mlango Leopold wa Pili, na mateso ya utawala wake twayajua.

Muungwana, katika Kiswahili, ni mtu asiye mtumwa. Lakini wengi wa wapagazi wale walioitwa Waungwana walikuwa bado na mabwana huko Unguja, na sehemu ya mshahara wao ilikwenda kwa bwana. Tena katika njia zilezile walipita watu waliofungwa minyororo shingoni, wakipelekwa kuuzwa. Hapa penye maporomoko yetu alikaa Tippu Tip, mfanya biashara ya pembe na ya watumwa, ambaye mwaka 1887 Leopold alimfanya liwali wa mahali hapa. Basi, kama kwenda mbali kungekuwa uhuru, hakuna waliokwenda mbali kuliko watumwa.

Uungwana wa watu wale ulikuwa wapi? Nitawapa habari moja iliyoandikwa na Stanley mwenyewe. Mwaka 1877, safari ikikaribia mwisho, njaa ilikuwa kali. Uledi, msimamizi wa mashua, mtu aliyewaokoa wenzake wengi katika maji, aliiba ushanga, na ushanga ndio uliokuwa fedha ya kununulia chakula cha wote. Wakubwa wa msafara wakahukumu apigwe viboko. Ndipo wakasimama Shumari ndugu yake na Saywa binamu yake, wakaomba kugawana naye viboko vile. Stanley aliposikia hayo, akawaachilia wote.

Watu wale hawakuwa na hiari ya njia, wala ya chakula, na pengine hata mshahara haukuwa wao kamili. Lakini saa ile hakuna aliyewaamuru kusimama. Wangeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angewalaumu. Walisimama kwa kupenda wenyewe. Hapo ndipo wahenga wanapopata haki ya kusema: muungwana ni kitendo. Ndiyo sababu neno hilo moja la uungwana lina maana mbili, kuwa huru na kuwa na tabia njema. Wazee wa pwani hawakuzitenga.

Na neno "mtumwa" latoka wapi? Latoka katika "kutuma". Mtumwa ni mtu atumwaye. Lakini "mtume" naye ametoka katika neno hilohilo, naye pia ametumwa! Tofauti ni kwamba mmoja asukumwa, na mwingine amekubali. Kwa hiyo uhuru si kukosa wa kukutuma. Mtu asiyetumwa na mtu yeyote, asiyengojwa mahali popote, huyo hajawa huru bado. Amekuwa kama gugumaji la mtoni, lipitalo mbele yetu kila siku bila kujua liendako.

Nasema hayo nikiwa na aibu yangu, na sasa yanipasa kuisema. Nilipokuwa na miaka 21 nilitoka seminari kwa hiari, baada ya kutambua ya kwamba ule si wito wangu. Katika kutoka hakukuwa na kosa. Kosa lilikuwa baadaye: niliogopa uso wa baba, nikaenda kukaa Ubundu kwa rafiki, miezi minane, bila kuandika barua. Nilivua samaki, nikalala nilipotaka, nikajiita mtu huru. Mwisho nikachoka, nikarudi kwa miguu nikifuata reli, ile iliyofunguliwa mwaka 1906, kilometa 125, siku nne. Nakiri kwamba siku zile nne zilikuwa tamu. Asubuhi ukungu ulikuwa juu ya reli, na sikuwa na deni wala saa.

Nilipotokea Lubunga, nikasimama ukingoni. Mji wetu ulikuwa ng'ambo, nami sikuwa na nauli ya mtumbwi. Mtu huru asiyeweza kuvuka mto! Mpiga kasia mmoja alinitazama miguu, akaniambia: "Panda. Utamlipia mwingine." Akanivusha bure.

Nyumbani nikamkuta baba amelala kitandani, mwezi wa tatu sasa. Dada yangu mdogo alikuwa ameacha shule ili amwuguze, kwa sababu mimi niliyepaswa kuwapo sikuwapo, wala haikujulikana niliko. Baba alipona. Dada yangu hakurudi shuleni tena. Leo ni mama wa watoto wanne, mwenye akili kunishinda, na ukurasa huu yeye husomewa na mwanawe. Nauli ya uhuru wangu aliilipa yeye, wala hajanidai hata siku moja.

Kwenu wazazi nina neno moja. Mwana wa kwanza hubeba nyumba, na sisi twamzoea, hata tukamsahau. Hatumwulizi kama amechoka, hatumshukuru, fedha yake twaipokea kama maji ya mvua. Mzazi amfanyaye mwanawe kuwa punda asishangae siku punda akikata kamba. Mwiteni, mketi naye, mgawanye mzigo. Mdogo wa miaka 16 aweza kuchota maji na kuuza samaki Jumamosi. Na kijana akiomba miezi miwili aione nchi, kumpa ruhusa kwaweza kuokoa miaka yote itakayofuata.

Na wewe mdogo wangu wa pale kivukoni, sikukatazi safari. Msitu wa Epulu wapendeza, na miguu ya miaka 22 haiji mara mbili. Lakini kabla ya kufunga mzigo, mweleze mama yako utakapokwenda, siku utakayorudi, na nani atalipa shule ya wadogo zako muhula huu. Ikiwa huna jibu la hilo la mwisho, njoo kwangu jioni yoyote tulitafute pamoja, maana mimi nina deni la mtumbwi tangu zamani, na sijapata bado wa kumlipia.

Kuaga ni kazi ya dakika chache. Lakini ndiko kunakomtenga msafiri na mtoro.

Haya, ndugu zangu, kwa herini mpaka juma lijalo.