Moteri ya mshindi inauzwa: kanuni ya Iowa ambayo haifai kuachwa

Kuna familia za Kivu ambazo ndugu zao walihamishiwa Marekani kama wakimbizi, na sasa wanaishi jimbo la Iowa, katika miji kama Des Moines na Cedar Rapids. Kwenye simu wanaeleza baridi, kazi ya kiwandani na shule ya watoto. Mbio za gari kwenye udongo hazitajwi sana, na ni hasara, kwani ndani yake kuna kanuni moja ya kujadiliwa.

Wakati wa joto, usiku wa mwisho wa juma, miji midogo ya wakulima inawasha taa za viwanja vyake. Kiwanja ni mzunguko wa udongo, mara nyingi wa nusu maili au chini ya hapo. Lori linamwaga maji kwanza. Kisha gari zinaingia, na dereva anayekata kona ya kushoto anageuza usukani kulia, kwa sababu nyuma ya gari inateleza. Aliyeendesha barabara ya Walikale wakati wa mvua anaelewa mara moja, ijapokuwa yeye hatelezi kwa kupenda.

Wengi wa madereva hao ni mafundi wa garaji, wakulima na wafanyakazi wa kawaida. Adui yao mkubwa ni pesa. Mwenye nazo ananunua moteri kali, anashinda kila juma, wenzake wanachoka na kubaki nyumbani. Kiwanja kisicho na gari hakina watazamaji.

Shirika la IMCA, lililoanzishwa 1915 na lenye makao yake Vinton, Iowa, lilipoanzisha aina ya gari iitwayo Modified mwaka 1979, liliweka dawa kali. Baada ya mbio, dereva aliyeshindwa aliweza kudai kununua moteri ya mmoja wa waliomaliza mbele, kwa bei ndogo iliyoandikwa katika kanuni. Aliyekataa kuuza alipoteza zawadi na pointi zake, na alifungiwa. Basi nani angeweka dola 20.000 ndani ya moteri ambayo ingeweza kuondoka usiku huohuo kwa bei ya chini?

Wapo wanaosema huo ni wizi. Neno lao lina uzito: fundi aliyekesha miezi akiunganisha vyuma vya gari kuukuu anaumia akiona jirani anaondoka na jasho lake, labda kwa wivu tu. Hata hivyo, fundi huyohuyo ndiye angefukuzwa wa kwanza na matajiri kama kanuni isingekuwepo. Siku hizi inaruhusiwa pia moteri iliyofungwa tayari na kiwanda, ambayo haifunguliwi. Ni njia yenye amani, lakini inamlazimisha kila mtu kupitia duka, na mikono ya fundi inakosa kazi. Kanuni ya zamani ilikuwa na ukali, lakini ilikuwa bora.

Kiwanja cha Eldora, jimbo la Ohio, kina njia nyingine. Mwaka 2001 Donnie Moran alipata huko dola 1.000.000 kwa mbio moja. Sifa kubwa, lakini kijana wa garaji huko analipa kiingilio na kukaa jukwaani. Kila Septemba mjini Boone, Iowa, kijana kama huyo anaingia na gari lake mwenyewe katika mashindano makuu ya IMCA, yaliyoanza 1983, pamoja na mamia ya wengine.

Wanaopanga mashindano ya mpira ya vijana mitaani na katika kambi za wahamiaji wanajua ugonjwa huohuo: tajiri mmoja anakodi wachezaji watatu wa klabu kubwa kwa ajili ya fainali, na watoto wa kambi wanakaa pembeni na viatu mkononi. Badala ya kugombana juu ya majina kila mwaka, waandike mapema: timu iliyoshindwa fainali inachagua mmoja wa wachezaji wa kukodi, na shindano linalofuata anacheza upande wake, kwa gharama ya yule aliyemleta.