Tarehe Shufwa ni za Baiskeli

Ziwa Tahoe liko mita 1,897 juu ya usawa wa bahari, mpakani mwa California na Nevada nchini Marekani. Kwenye ufuko wa mashariki jimbo la Nevada lina hifadhi ambayo vijia vyake vinagombewa na watu wa aina tatu: watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda farasi. Kanuni ya adabu inajulikana: mwenye baiskeli humpisha mtembeaji, na wote wawili humpisha farasi. Ni kanuni njema, ila inataka watu waonane kwanza. Penye kona ya mteremko, baiskeli inayoshuka kwa kasi haina muda wa kuonyesha adabu. Ndiyo maana naona utaratibu wa busara kuliko yote kule ni ule unaoonekana wa kitoto: kwenye kipande cha Tahoe Rim Trail kati ya Tahoe Meadows na Tunnel Creek, baiskeli zinaruhusiwa tarehe shufwa tu. Tarehe witiri, anayetembea na mtoto au na mzee wake anajua kwamba hatashtuliwa na breki nyuma ya kisogo.

Wapo wanaosema dawa ni kuchonga njia ya pili, kila kundi liwe na yake. Pesa si kikwazo kikubwa hapo. Kikwazo ni mlima wenyewe. Udongo wa miteremko ile ni changarawe ya mwamba uliomeng'enyuka, ukikatwa tu unaanza kumomonyoka, na chini yake kuna ziwa ambalo sifa yake kuu ni uangavu. Tangu 1968 wanasayansi hushusha sahani nyeupe majini na kupima kina inapopotelea machoni. Mwanzoni ilionekana hadi takriban mita 30. Miaka ya karibuni ni kama mita 20. Vumbi laini linalosombwa na mvua ni miongoni mwa sababu kubwa. Ni kweli, sehemu kubwa ya vumbi hilo hutoka barabarani na mijini, wala si kwenye vijia. Lakini kidonda kidogo si sababu ya kuongeza kingine. Hata Flume Trail, njia ya baiskeli mashuhuri kuliko zote hapo, haikuchongwa kwa ajili ya starehe: inafuata mkondo wa mfereji uliopitisha maji karne ya 19, enzi za machimbo ya fedha ya Virginia City, wakati sehemu kubwa ya misitu ya bonde ilipofyekwa. Waliofuata walitumia kovu lililokuwapo, na hiyo ndiyo akili ninayoitetea.

Pingamizi zito zaidi ni la mgeni aliyesafiri mbali akafika tarehe 7 na baiskeli yake juu ya gari. Anaumia, sikatai. Hata hivyo amri hiyo inagusa kipande kimoja tu, vijia vingine kadhaa vya hifadhi viko wazi kwake siku hiyohiyo, na kalenda aliweza kuisoma akiwa nyumbani. Kwa wenyeji hesabu ni nzuri zaidi: Jumamosi na Jumapili zikifuatana, kwa kawaida moja huwa shufwa na nyingine witiri, hivyo karibu kila wikiendi inagawanywa sawasawa bila kikao wala mabishano. Askari wa hifadhi naye hahitaji kupima mwendo wa mtu wala kuamua nani alikosea konani; anatazama tarehe, basi.

Dosari iko kwenye tarehe 31, ambayo hufuatwa na tarehe mosi, zote mbili witiri, na zikiangukia wikiendi waendesha baiskeli wanapoteza yote. Theluji hufunga njia miezi mingi, kwa hiyo ya kusuluhisha ni miezi michache tu. Tarehe 31 ya Julai na ya Oktoba zipewe baiskeli. Za Mei na Agosti wabaki nazo watembeaji.