Mutu hapumui na Artikili 15

Bandugu vijana wa Likasi, wa Kikula, Panda, Shituru na wote mlio mu giza usiku wa leo,

Kila mara tukilalamika juu ya delestaji, kuna mkubwa mmoja anatujibu: "Nunua grupe." Anasema vile kama mtu anayesema nunua mkate. Leo tunamjibu. Na mimi nitamjibu na habari ya nyumba yetu, kwa sababu kwetu umeme si taa wala televizyo. Kwetu umeme ni pumzi ya papa.

Papa alitumika miaka 31 mu usine ya shaba, leo eko mu pensheni. Usiku alikuwa anakoroma mpaka majirani wanacheka. Halafu kukoroma kunakatika. Kimya. Unahesabu: kumi, kumi na tano, ishirini... Mara anashtuka, anavuta hewa kama mtu anayetoka chini ya maji. Mama alikuwa halali, kazi yake ni kumsukuma tu. Mchana papa anasinzia na kijiko mkononi, na tansyo inapanda. Daktari wa Lubumbashi njo alituambia jina lake: ni ugonjwa wa kukatika pumzi mu usingizi. Koo inalegea, njia ya hewa inajifunga, na ubongo unamwamsha mgonjwa kila mara ili avute hewa. Kwa mwenye ugonjwa mkali hiyo inatokea mara 30 na zaidi kwa saa moja.

Dawa yake si kidonge. Ni mashine ndogo yenye kusukuma hewa kupitia maski, usiku mzima, kila usiku. Daktari wa Australia, Colin Sullivan, aliitangaza mu 1981. Ya papa ilitumwa na shangazi yangu kutoka Ubelgiji, imekwisha kutumika kidogo. Usiku wa kwanza mama alilala mpaka asubuhi. Halafu umeme ukaenda.

Basi tulifuata shauri la wakubwa. Mimi niko na diplome ya chuo kikuu na sina kazi, ninauza unite ku barabara. Franga ya unite, na franga ya mama ya kuuza makala, njo ilinunua grupe. Ndogo, ile ya kuvuta na kamba, tanki ya litre 4.

Sikilizeni vile ilitufanyia. Litre 4 inaisha mbele ya asubuhi, na litre ingine unainunua kwa ba-Kadhafi wa njiani, kila siku. Makelele yake: ugonjwa ni wa kukosa usingizi, dawa inamnyima usingizi mgonjwa na lupango mzima. Umeme wake unapanda na kushuka, na mashine ya papa iliwaka taa nyekundu mara mbili. Halafu mwizi. Ukiiweka mbali, inaibiwa. Ukiiweka karibu, moshi unaingia. Tuliifunga na mnyororo ku baraza, chini ya dirisha. Usiku mmoja mdogo wangu aliamka kichwa kinamuuma, anatapika, miguu haimubebi. Ile gazi ya grupe haina harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa wamelala. Tulikuwa tunaokoa pumzi ya mmoja, tunachezea pumzi ya wote. Kesho yake tuliisukuma mwisho wa lupango. Wiki tatu haikumaliza. Iliibiwa.

Sasa papa analalia batri. Batri ya 12 volti, amperi-saa 100, na kifaa cha kugeuza umeme. Mashine inakula wati 40 hivi tukizima kile kipashamoto cha maji. Batri ikijaa, inamlinda usiku mmoja, na wa pili kwa bahati. Lakini batri inajazwa na umeme uleule. Ukikatika siku tatu, siku ya tatu tunarudi kuhesabu: kumi, kumi na tano, ishirini.

Njo maana tunasema: "nunua grupe" si jibu. Ni Artikili 15, ile sheria isiyoandikwa mahali popote na ambayo Mkongomani yote anaijua: jitafutie. Tumeizoea mpaka tunaichekea. Lakini kuna artikili ingine, na ile imeandikwa. Katiba ya 2006, artikili 48, inahakikisha haki ya kupata maji safi na umeme. Artikili 47, mbele yake tu, inahakikisha haki ya afya. Mu chumba cha papa hizo artikili mbili ni kitu kimoja.

Na musituambie Katanga haina umeme. Mwadingusha, ku mto Lufira, si mbali na sisi, ilianza kutoa umeme mu 1930. Tangu 1982 kuna laini ya karibu kilomita 1,700 kutoka Inga mpaka Kolwezi. Inapita juu ya vijiji vingi ambavyo vinaangalia waya na kuwasha koroboi. Mu 2021 Mwadingusha ilimaliza kutengenezwa upya, megawati 78, na ilitengenezwa ili mgodi wa Kamoa-Kakula upate umeme. Hatusemi migodi ifungwe. Ba papa wetu walikula huko, na sisi tunatafuta kazi hukohuko. Lakini fanyeni hesabu: megawati 1 inaweza kuendesha mashine 25,000 kama ya papa. Tunaomba nyuzi mu kitambaa kizima.

Wengine watasema: umeme hautoshi, tufanye nini? Hata mahali ambapo hautoshi, kuna namna ya kukata. Uingereza makampuni ya umeme yako na daftari ya wagonjwa wanaotegemea mashine, na wanaonywa mbele ya kukatiwa kuliko pangwa. Kuandika majina mu daftari hakuhitaji barrage mpya.

Basi, vuguvugu letu linadai mambo matatu:

1. Ratiba ya delestaji itangazwe kwa kila kartie, ku redio na ku telefone, na iheshimiwe. Mgonjwa akijua saa ya giza, anajaza batri mbele.

2. Zone de santé na wenye kugawa umeme wafungue daftari moja ya nyumba zenye wagonjwa wa mashine: ya usingizi, ya oksijeni, zote. Laini zao zikatwe za mwisho, na zirudishwe za kwanza.

3. Kodi ya madini ya 2018 inalazimisha kampuni za migodi kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii. Sehemu ya franga ile inunue batri na sahani za jua kwa nyumba zile na kwa santa za afya. Tunataka kuziona ku paa, si mu ripoti.

Na sisi wenyewe tuko na kazi. Mwenye grupe asiiingize mu nyumba hata siku moja, wala mu jikoni, wala mu gereji, wala chini ya dirisha, hata kama kunanyesha. Mwenye mzee anayekoroma halafu ananyamaza, asicheke. Amupeleke kwa daktari. Na kuanzia Jumamosi, kila mwanamemba apite avenyu yake, lupango kwa lupango, aulize: hapa kuna mtu anayelala na mashine? Aandike hesabu na avenyu, majina yabaki na wenyewe. Wakituambia hawajui wagonjwa ni wangapi, tutaweka karatasi ku meza yao.

Papa hajui kama ninaandika hii. Jana jioni aliniuliza tu kama batri imejaa. Nilimjibu: "Nusu, papa." Akavaa maski yake, akalala.

Artikili 48, si Artikili 15!