Asaidiwe Mtoto au Anayempokea?

Vita vya Sierra Leone vilipotangazwa kwisha Januari 2002, baada ya karibu miaka 11, maelfu ya watoto waliotumikishwa na makundi yenye silaha walikuwa wamerudi makwao au wako njiani. Huruma peke yake isingetosha kuwapokea. Mama aliyechomewa nyumba, mwanawe hana hata daftari, angemtazamaje kijana wa waasi akiingia darasani na mkoba mpya?

UNICEF na washirika wake waliliona hilo mapema. Shule iliyokubali kumsomesha mtoto wa aina hiyo bila karo ilipewa vifaa vya wanafunzi wote, au vya michezo, au mafunzo kwa walimu wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone: safari hii usemi ulitengewa bajeti. Kwa maoni yetu hakuna fedha iliyotumika kwa akili zaidi nchini humo.

Walioachwa ni wasichana. Mpango wa kusalimisha silaha ulimtambua mwenye bunduki, na wengi wao walitekwa wakafanywa wake, wapishi na wachukuzi wa mizigo. Hawakuwa na cha kusalimisha. Wakarudi kimya kimya, baadhi na watoto mgongoni, huku misaada ikifuata orodha ambayo majina yao hayamo.

Na msamaha je? Shirika la Fambul Tok limekuwa likiwakusanya wanavijiji kuzunguka moto, mkosaji akakiri, aliyekosewa akasamehe. Utafiti wa vijiji 200, uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2016, ulionyesha kuwa ujirani uliimarika, lakini sonona na wasiwasi navyo viliongezeka. Hatusemi moto uzimwe. Ila kidonda kikishafunuliwa hadharani, lazima kesho yake awepo wa kukiuguza, na huyo mara nyingi hakuwekwa kwenye bajeti.

Ndiyo maana waandishi wa toleo hili tuliwaomba waanze na mwenyeji: mwalimu, shangazi, jirani. Wawili wamekataa. Wanasema fedha zikipitia kwa wakubwa wa kijiji, yatima huzipata mwisho, kama atazipata. Na wanakumbusha kwamba Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Sierra Leone iliutaja uonevu wa machifu miongoni mwa mambo yaliyowasukuma vijana vitani. Hoja yao ni nzito kuliko tulivyotarajia. Makala yao tumeitanguliza.