KALAMU MKONONI: Bahasha Ipendeze Pamoja na Stempu Yake



Mama mmoja wa Chome, katika Wilaya ya Same, ametuuliza swali. Mama huyu alijifunza kusoma na kuandika ukubwani. Binti yake yuko shule ya bweni, mbali na nyumbani. Shuleni wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu. Kwa hiyo mama humwandikia barua. Barua yenyewe huiandika kwa mkono wake, lakini bahasha humpa kijana wa jirani aiandike. Anasema mwandiko wake umepinda. Anaona haya. Anaogopa kwamba wenzake wakiiona bahasha watamcheka mwanawe.

Anauliza mambo mawili. Je, aendelee kumpa kijana huyo bahasha? Na je, ni ruhusa kuipamba bahasha ipendeze?

Sisi tunasema: bahasha aandike mwenyewe. Barua zinapogawiwa bwenini, mtoto huona bahasha kabla ya kuona neno lolote la ndani. Akiuona mkono wa mama yake, amekwisha kupata nusu ya habari: mama yu hai, mama ana nguvu, mama amenikumbuka. Mkono wa kijana wa jirani hauwezi kumwambia hayo, hata ukiwa mzuri namna gani.

Tukumbuke pia tulikotoka. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 Wilaya ya Pare, ambayo leo ni Same na Mwanga, ilikuwa miongoni mwa wilaya chache zilizochaguliwa kufuta ujinga wa kusoma na kuandika kabla ya nyingine. Kabla ya hapo watu wengi walikuwa wakienda na barua zao kwa mwalimu, kwa karani, au kwa mtoto wa shule ili wasomewe. Siri ya nyumba ilipita kwanza kinywani mwa mtu mwingine. Mtu aliyejikomboa katika jambo hilo asirudi nyuma kwa sababu ya bahasha.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kuandika haraka na kuchora herufi ni kazi mbili mbalimbali. Mwenye mwandiko wa haraka mara nyingi huchora herufi mbaya, kwa sababu mkono wake hautaki kungoja. Mtu aliyejifunza ukubwani huenda polepole. Hutazama kila herufi. Basi katika kazi hii polepole ni faida.

Sasa tuzungumze juu ya stempu, maana ndiyo iliyokwisha kuwa na picha.

Stempu ni kama risiti. Inaonyesha kwamba gharama ya kuipeleka barua imelipwa. Zamani huko Uingereza mara nyingi aliyepokea barua ndiye aliyelipa. Bwana mmoja, Rowland Hill, alishauri kwamba mpelekaji alipe kwanza, na bei iwe ndogo. Stempu ya kwanza ilianza kutumika tarehe 6 Mei 1840. Ilikuwa nyeusi, yenye kichwa cha Malkia Victoria, na bei yake ilikuwa peni moja.

Siku zile zile Posta ya Uingereza ilitoa pia bahasha zilizolipiwa tayari, zenye picha kubwa. Mchoraji alikuwa William Mulready. Alichora Uingereza kama mwanamke aliyeketi, akituma wajumbe wenye mabawa duniani kote. Mlikuwa na tembo, ngamia, meli na watu wa mataifa mengi. Serikali ilitumaini kwamba watu watazipenda bahasha hizo kuliko kile kipande kidogo cha karatasi cha kubandika. Haikuwa hivyo. Watu walizicheka sana. Wachapaji wengine walitengeneza bahasha za mzaha za kuziiga, wakaziuza. Haukupita muda mrefu bahasha za Mulready zikaondolewa. Stempu ndogo ikabaki, na ndiyo tunayoitumia mpaka leo.

Mimi naona kosa la bahasha ile ni kwamba picha ilijaa mno, ikajisifu mno. Jina la mtu lilibanwa chini kama mgeni asiyepewa kiti.

Hapa kwetu stempu zimekuwa na picha nzuri tangu mwanzo. Stempu za Uhuru wa Tanganyika, za mwaka 1961, zilionyesha mwalimu na wanafunzi, watu wakichuma kahawa, mavuno ya mahindi, na Mwenge wa Uhuru juu ya Kilimanjaro. Baada ya Muungano zilifuata nyingine nyingi. Mwaka 1967 zilitoka za samaki. Mwaka 1973 zilitoka za vipepeo, na mwaka 1980 za wanyama. Leo stempu zetu zinatolewa na Shirika la Posta Tanzania, lililoanza kazi mwaka 1994. Kwa hiyo ukifika dirishani usipokee tu stempu yoyote. Uliza kwa adabu kama zipo za picha mbalimbali za bei ile ile.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Nunua stempu kwanza, kisha uchore. Watu wengi hufanya kinyume. Wanachora maua mekundu nyumbani, halafu Posta wanapewa stempu ya samaki wa buluu, na bahasha inakuwa kama shati lililotiwa kiraka.

Itazame stempu vizuri. Chagua rangi moja tu iliyomo ndani yake. Rangi hiyo itatosha kwa pambo. Jina na anwani ziandikwe kwa wino mweusi au wa buluu iliyoiva. Kama stempu ina ndege, usichore ndege mwingine. Chora tawi. Kama ina kipepeo, chora jani au ua. Kama ina mnyama wa porini, chora nyasi chache chini ya jina. Stempu iwe ndiyo picha, na mkono wako uwe ndio uwanja wake. Kama stempu ina sura ya kiongozi au ya mtu aliyefariki, tunashauri usipambe kabisa. Andika herufi safi, zenye nafasi, basi.

Watu wa Chome wana vitu vingi vya kuchora. Wana msitu wa Shengena, ambao kilele chake kinapita mita 2,400, tena ni kirefu kuliko vyote katika milima ya Upare. Wana mkulo, wana migomba na kahawa. Katika milima ya Upare ya kusini yuko ndege mdogo wa kijani, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, asiyepatikana mahali pengine duniani. Kuna pia ndiva, mabwawa ya zamani ya kukusanyia maji ya kumwagilia, na mifereji yake. Mstari mmoja wa mfereji unaoteremka pembeni mwa bahasha mpaka kwenye herufi ya kwanza ya jina ni pambo zuri sana. Lakini chagua kimoja. Mtu akitia mlima, ndege, kahawa na ndiva katika bahasha moja, karani atalitafuta jina kama mtu anayetafuta mbuzi katika ukungu.

Tukitaka mfano bora tutazame pwani. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, waandishi wa zamani walinakili Kurani kwa mkono na kuzipamba kwa rangi nyeusi, nyekundu na manjano. Pambo waliliweka zaidi kingoni. Maneno yalibaki wazi katikati, yasomeke. Hao walijua kazi yao.

Kalamu gani itumike? Kalamu ya wino ya dukani yafaa. Lakini unaweza kujitengenezea kalamu ya mwanzi. Chukua mwanzi mkavu, mwembamba kama kidole kidogo. Ukate ncha kwa mshazari kwa kisu kikali. Kisha kata ncha ile iwe bapa, upana wa milimita 2 au 3. Pasua ufa mdogo katikati ili wino upite. Chovya, jaribu kwenye karatasi chakavu. Sasa shika kalamu kwa upande mmoja tu, usiizungushe vidoleni. Utaona mstari unaoteremka unakuwa mnene, na unaokwenda kando unakuwa mwembamba. Unene na wembamba huo ndio unaozipa herufi uzuri. Huhitaji mikia wala vishungi.

Kabla ya wino, piga mistari kwa penseli na rula, kwa wepesi. Jina lipate nafasi ya sentimita moja kwenda juu. Shule na mji vipate nusu yake. Hesabu herufi za jina kwanza, upate katikati yake, ili usifike mwisho wa bahasha ukiwa umebakiwa na herufi tatu. Wino ukikauka kabisa, futa penseli.

Sasa taratibu za Posta, maana bahasha nzuri isiyofika ni hasara. Stempu hukaa pembe ya juu, mkono wa kulia. Usichore juu ya stempu yenyewe, hata nukta moja, maana inaweza kukataliwa ikidhaniwa imekwisha kutumika. Kushoto kwa stempu acha nafasi ya vidole vitatu au vinne kwa ajili ya muhuri. Anwani iwe upande wa kulia, chini ya stempu. Pambo likae kushoto. Anwani yako wewe mwandikaji iwe nyuma.

Namba ya sanduku isipambwe hata kidogo. Wengi wetu vijijini hatuna sanduku letu. Tunatumia la shule, la kanisa, la msikiti au la ofisi. Hali kadhalika binti huyu anapokea kwa sanduku la shule. Namba moja ikikosewa, barua inakwenda katika sanduku la watu wengine, na huko inaweza kukaa mwezi mzima. Mtoto hatajua. Atadhani hakuandikiwa. Basi 1 isifanane na 7, na 0 isifanane na 6. Andika S.L.P. kwa herufi kubwa za kawaida, namba yake, kisha jina la mji.

Kama una ndugu Ulaya au Marekani, jua kwamba huko barua husomwa na mitambo. Mitambo hiyo haipendi wino mwekundu katika anwani. Acha pia ukanda mweupe wa sentimita 2 chini ya bahasha, mbele. Wala usibandike mbegu, maharage au maua makavu. Barua hulipiwa kwa uzito, na vitu vinene hukwama katika mitambo. Tena nchi nyingi zinakataza mbegu na mimea kuingia bila kibali.

Neno moja kuhusu mioyo. Wasomaji wenye umri wanakumbuka bahasha za wanafunzi wa miaka ya 1970 na 1980. Zilijaa mioyo, mishale na maua, na maneno ya kumhimiza mtu wa Posta afanye haraka. Wengine walitia poda ndani inukie. Si ajabu. Huko Misri zamani watu waliandika tarakimu 8642 juu ya barua, wakiamini kwamba kwa hiyo itafika salama. Lakini mama wa Chome asichore mioyo. Shule nyingi za bweni hukagua barua. Mwalimu akiona mioyo atadhani imetoka kwa mvulana, na binti ataitwa ofisini kujibu maswali.

Mwisho ni mvua. Chome ni mahali pa ukungu na mvua, na barua inateremshwa Same mfukoni au katika kikapu. Wino wa maji ukilowa, anwani inaondoka. Dawa yake ni rahisi. Wino ukikauka, chukua mshumaa mweupe ambao haujawashwa. Sugua taratibu juu ya anwani yote. Nta itazuia maji, na maandishi yataonekana kama kawaida. Usisugue mahali pa stempu wala pa muhuri, kwa sababu gundi haitashika na wino wa muhuri hautakauka.

ZOEZI LA MWEZI HUU

Chukua karatasi chakavu uikate kwa ukubwa wa bahasha. Chora mraba mdogo mahali pa stempu. Andika jina la mtu unayempenda mara tatu: mara ya kwanza kwa penseli, mara ya pili kwa kalamu ya kawaida, mara ya tatu kwa kalamu ya mwanzi. Weka karatasi ukutani, kisha simama hatua tatu mbali. Mwite mtu wa nyumbani asome jina na namba ya sanduku bila kumsaidia. Akisita penye namba, futa pambo lililo karibu nayo, uandike tena.